Nyundo ya Frankline

Kijana akija kwa Mzee Cephas Nyamweya akisema anataka kufundishwa kufua visu, swali lilikuwa moja: "Nani amekupatia nyundo?" Si una nyundo gani, wala umeitoa wapi. Nani amekupatia. Kijana akijibu kwamba amenunua, mzee alirudi kwenye moto wake na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta wa mabati nikikaanga samaki, nikiwatazama wanavyoondoka wakinung'unika, nikisema moyoni kwamba huyu mzee atazikwa na ukaidi wake.

Karakana yake ilikuwa Sori, karibu na mahali wanapopokelea samaki. Moshi wake ulinijia mimi, moshi wangu ulimwendea yeye, na tuligombana kwa hilo miaka yote bila hata mmoja wetu kuhama. Yeye alikuwa Mkisii aliyeshuka kutoka milimani akiwa kijana, akitafuta kazi katika mgodi wa Macalder. Mgodi ulipofungwa wenzake walirudi kwao. Yeye akabaki na kipande cha reli ya vigari vya mgodi, akakipachika kwenye gogo, kikawa fuawe yake. Mimi ni mzaliwa wa Sindo niliyeolewa huku, kwa hiyo, wengine wakiniita Mama Valary, yeye aliniita Nyar Sindo, binti wa Sindo, hata siku alizokuwa amenikasirikia. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, chake cha mlimani na changu cha ziwani, na matusi yetu yalieleweka vizuri kabisa.

Alikuwa na mke, Susana, mwanamke mpole ambaye kila mwaka alisema mwaka ujao watarudi Kisii. Watoto wao walikuwa wawili, Frankline na Mellen. Frankline ndiye aliyerithi mikono ya babake. Visu vyake vilikuwa vyembamba, vinapinda kidogo na kurudi, na wanawake wanaopasua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, hawakutaka vingine. Mimi mwenyewe nilikuwa na kimoja. Nyundo yake ilikuwa ndogo kuliko ya mzee. Ilikuwa ya babu yake kwanza, na mpini wake wa mti wa powo ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba. Ukisikia mlio wake wa haraka haraka, ting, ting, ting, ulijua Frankline yuko kazini na siku imeanza vizuri.

Alifariki mwaka wa tisini na tatu. Tulisema ni kifua. Miaka ile kila mtu alikufa kwa kifua, ukisikiliza hotuba za matanga, na sisi tuliobaki tulikaa kwenye viti vya kukodi tukiitikia. Alikuwa hajaoa na hakuwa na mtoto. Nilimpenda yule kijana. Nilikuwa na hasira nyingi na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Baada ya mazishi mzee alipigilia msumari kwenye nguzo, juu ya mvukuto, akaitundika nyundo ile. Katika nyumba yao nyundo ya mhunzi aliyekufa haishikwi mpaka mtoto mwenye jina lake azaliwe katika boma. Mtoto akishapewa jina, nyundo hushushwa na kuwekwa kwenye kiganja chake, na tangu hapo mtu wa boma akiwa na haja nayo anaweza kuitumia. Nilimuuliza mzee, ikishikwa kabla ya hapo?

"Itamtafuta mwenyewe," akasema. "Na mwenyewe ako wapi? Basi. Nani anataka kupelekwa huko?"

Nikamwambia huo ni upuuzi. Lakini na mimi, nikiingia kuomba kaa la moto, nilipita mbali na ule msumari.

Haukupita muda macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Fundi wa kiti anaweza kupapasa mbao. Mhunzi anaishi kwa rangi. Chuma kinapokuwa na rangi ya papai lililoiva unapiga. Kinapofifia kuwa kama tunda la kahawa unaacha, unarudisha motoni, la sivyo utakipasua. Mzee alianza kupiga chuma kilichokwisha kupoa. Nilisikia mlio umebadilika, mkavu, na vipande vya visu vilivyovunjika vikaanza kurundikana mlangoni.

Mellen alirudi kutoka Magunga wakati huo, na sanduku moja na mdomo umefungwa. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye huko hakuwahi kumletea Mzee Cephas hata mbuzi, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudishana. Kwa siku kadhaa alikaa mlangoni pa karakana akimwangalia babake. Siku moja mzee alipapasa koleo akashika upande wa moto. Mellen aliinuka.

"Tata, lete nishike mimi."

"Mwanamke hafui."

"Na kipofu je?"

Mimi kule kwangu niliziba mdomo kwa kanga. Mzee alinyonya kidole kilichoungua. Kisha akaisukuma ile koleo upande wake.

Basi akamwanzisha, na sijawahi kuona mwalimu mkali namna ile. Mwanzoni hakumruhusu kupiga chochote. Kwanza koleo: alimfanya abebe mawe, vijiti, hata yai, mpaka mkono ujue kubana bila kukaza. Chuma chekundu kikikuponyoka, alisema, hutahitaji somo la pili. Kisha makaa, namna ya kuyavunja yalingane na kuyapepeta vumbi. Kisha tupa, kwa maana alidai anayeharibu tupa ataharibu kila kitu. Chuma kililetwa na Osman, mfanyabiashara Msomali aliyeuza vipuri mjini Migori. Springi kuukuu za lori, ambazo mzee aliziweka sikioni na kuzigonga kwa ukucha, akazikataa zile zenye ufa. Rangi alimfundisha kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio. "Wewe angalia, mimi nitapima," alisema. Mellen akisema imefika, mzee alisogeza sumaku kwa fimbo. Ikishika chuma, bado. Ikikataa kushika, ndiyo rangi yenyewe, iweke akilini.

Kisu chake cha kwanza, kikiwa bado chekundu, alikichovya kwenye ndoo ya maji ya ziwa ili kipate ugumu. Hapa kwetu maji ya ziwa tunayatumia kwa kila kitu, tunayaoga, tunayanywa, tunabatiziwa humo, na hakuna aliyemwambia. Kisu kililia kama njugu inayopasuka kwenye sufuria. Mzee hakuhitaji macho kujua kwamba kimepasuka.

"Springi inataka oili," akasema. "Oili chafu ya gari, ipashwe moto kidogo. Si ndoo ya kuogea."

Alichovya kingine. Hicho kikapona.

Kitu kimoja mzee hakuwa na jibu lake, na kitu hicho kilikuwa nyundo. Kwao nyundo hupewa, hainunuliwi, na ndani ya boma zilikuwa mbili tu. Yake mwenyewe alimwazima Mellen, ila hakumpa, kwa kuwa nyundo ya mzee haitolewi akiwa hai. Na kwa desturi yao, anayefua kwa nyundo ya kuazima ni mkono tu wa mwenye nyundo. Kisu si chake. Siku mwenye nyundo anapokufa, moto unazimwa na karakana inafungwa. Susana alilijua hilo, na nadhani alikuwa akilisubiri kimyakimya ili arudi kwao. Mellen pia alilijua. Hakuwa na shamba, hakuwa na mume, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kazi aliyoipenda mpaka akasahau kula. Niliona alivyokuwa akiinua macho kuangalia ule msumari.

Osman alimhurumia, akamletea nyundo mpya ya dukani, ile ya fundi mbao. Siku ya pili ilimeguka ukingo. Kipande kikaruka juu ya ukuta kikaangukia kwenye karai langu la mafuta. Nilipiga mayowe yaliyosikika mpaka ufuoni. Ikabaki ile nzito ya mzee, ambayo ilimvimbisha Mellen kifundo cha mkono kikawa kama kiazi. Alikifunga kitambaa akaendelea. Visu alivyotoa vilikuwa vizito, vinene mgongoni, vizuri kwa kukata kuni kuliko samaki.

Nilimwendea mzee nikamwambia ampe ile ndogo, mtoto anaumia.

"Nyar Sindo, unataka nizike wawili?"

Nilirudi kwa samaki wangu nikiwa nimemkasirikia, na nikiogopa kwamba huenda ana haki.

Halafu tumbo la Mellen likaanza kuonekana. Alikuwa amekuja nalo kutoka Magunga bila kumwambia mtu. Kwa kuwa mahari haikulipwa, mtoto alikuwa wa boma la Mzee Cephas, na jina lingetoka humo. Susana alilia kwa aibu kidogo, kisha akalia kwa furaha. Mzee nilimwona ameshika ile nguzo yenye msumari, akiipapasa juu chini. Sote tuliomba awe mvulana, pamoja na mimi niliyesema ni upuuzi.

Alikuwa mvulana. Alipewa jina la Frankline, na asubuhi ya siku ile mzee aliishusha nyundo mwenyewe, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaiweka juu ya kiganja cha mtoto aliyekuwa amelala. Kidole kimoja kilijikunja juu ya mpini. Susana alipiga vigelegele. Mellen hakungoja hata chai. Mtoto alipopelekwa ndani, nilisikia kutoka upande wa pili wa ukuta kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi: ting, ting, ting. Niliacha samaki waungue. Nilikaa chini nikalia.

Hiyo ndiyo miaka mizuri, na ilikuwa michache. Mzee alivuta mvukuto, macho meupe yakiwa yameelekea moto asiouona, na Mellen akafua. "Rangi gani?" "Papai, Tata." "Piga." Visu vikawa vyembamba tena, vinapinda na kurudi. Wanawake wa mbuta walivisifu. Osman alivichukua akauza Migori, na hata huko Homa Bay walikuwepo waliouliza ni vya nani.

Mtoto alikua hapo kati ya karakana na karai langu. Alikuwa mlafi wa mikia ya samaki, na mimi sikujua kumnyima. Katika maneno yake ya mwanzo mwanzo lilikuwemo "yangu", na alilisema akiinyooshea kidole nyundo. Mellen akalifanya mchezo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alichuchumaa mbele yake na kumwomba kwa adabu zote, "Frankline, niazime nyundo yako." Naye alitufanya tungoje. Alitazama juu, alitazama chini, akajikuna tumbo kama chifu. Kisha akasema, "Chukua." Wateja walikuja mapema kusudi wamwone.

Mwisho wa tisini na saba ikaja ile mvua ya El Nino. Hakuna asiyeikumbuka. Mashamba yalizama, mbu wakawa wengi kuliko hewa, na barabara ya Migori ikakatika. Mtoto alishikwa na homa. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa aliyokuwa nayo, akatuambia wazi kwamba damu imepungua, apelekwe hospitali kubwa. Kupelekwa vipi? Magari yalikuwa yamekwama upande wa pili wa maji. Ziwani mawimbi yalikuwa makubwa na wenye injini walikataa, na siwalaumu, nao wana watoto. Tulisimama stendi chini ya bati la duka, Susana amempakata, Mellen akienda barabarani na kurudi, akienda na kurudi, akiwa amelowa mpaka mfupa, akiuliza kila anayepita kama maji yameshuka. Yalikuwa hayajashuka. Frankline alifia mikononi mwa bibi yake mchana, watu wakipita na miavuli.

Tulimzika kwenye matope. Sitaki kueleza.

Siku ya pili Mellen aliingia karakana peke yake. Aliichukua nyundo, akaifuta, akapanda juu ya gogo, akaitundika kwenye msumari wake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Mellen, mtoto alishazaliwa, jina lilishatajwa, desturi imekwisha timia. Fua, mama."

Akaniangalia kama mtu aliye mbali.

"Mama Valary, nitamwomba nani?"

Moto ukakaa bila kuwashwa. Wateja walikuja na visu butu wakarudi navyo. Buibui walijenga kwenye mvukuto. Mellen alishinda jikoni akichambua mchele ambao haukuwa na mawe, na Susana akaanza kufunga vyombo kwenye magunia, safari ya Kisii ikiwa imekaribia. Mzee pekee ndiye aliyekwenda kazini. Kila asubuhi alipapasa ukuta mpaka kwenye kigoda chake, akakaa, mkono juu ya mvukuto, akingoja. Nilikuwa nikimpelekea chai ikipoa mkononi mwake. Hatukugombana tena kwa moshi, kwa kuwa moshi ulikuwa wangu tu, na niliuchukia.

Kisha asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, nilimsikia akiita.

"Frankline!"

Nilifikiri akili zimemruka. Nikachungulia. Alikuwa amesimama juu ya gogo, mzee yule, akiyumba, nyundo ndogo mkononi.

"Frankline! Wewe, Frankline!"

Susana alitoka mbio akiwa na gunia. Mellen alitoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Tata, Frankline hayuko."

"Nakuita wewe."

Aliinyoosha nyundo kuelekea sauti yake.

"Jina liko na nyundo iko," akasema mzee. "Mtu ndiye hakuna. Mimi nimekataa. Toka leo mwenye jina ni wewe, na mwenye jina haombi mtu. Kuja uchukue."

Susana aliangusha gunia. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. "Cephas! Wawili wamebeba hilo jina na wote wako kwa udongo! Huyu ndiye amebaki, unataka kumvisha yeye pia?"

Mzee alianza kulia, machozi yakitoka kwenye macho yale yasiyoona. "Susana, si amekufa tayari? Sikiza hii boma. Unasikia nini?"

Tulisikiliza. Palikuwa kimya. Mafuta yangu tu yalikuwa yakichemka.

Mellen alijifuta unga kwenye leso. Aliogopa, na najua aliamini kila neno la desturi ile, kuliko mimi, pengine kuliko babake. Lakini alikwenda. Alimshika mzee mkono akamsaidia kushuka kwenye gogo. Kisha akakinga kiganja, namna mtoto alivyokuwa amekinga akiwa usingizini.

"Frankline," mzee akasema.

"Naam, Tata."

Akamwekea nyundo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Kila asubuhi mzee alikaa kwenye kigoda, akaita kwa jina lile, Mellen akaitika, ndipo moto ukawashwa. Bila kuitwa hakushika nyundo. Wapita njia waligeuka kumtafuta mwanamume. Susana hakuweza kuzoea; ikifika saa ile alichukua ndoo akaenda ziwani, hata kama mapipa yote yalikuwa yamejaa. Magunia aliyafungua moja baada ya jingine, bila kuambiwa.

Mzee Cephas alikufa mwaka wa tisini na tisa, usingizini, baada ya kunitukana jioni yake kuhusu moshi. Walimrudisha milimani, na Susana akabaki huko alikokuwa akisema watarudi. Alirudi kweli, lakini si hivyo alivyotaka. Mellen alimwomba asikasirike, akashuka tena Sori peke yake. Nyundo nzito ya mzee ilitundikwa kwenye ule msumari, ingojee mtoto atakayeitwa Cephas. Sijui atatoka wapi. Boma lote sasa ni Mellen.

Asubuhi alipofungua karakana nilikuwa nimeshatia mafuta kwenye karai. Nilimsikia akivunja makaa, akiyapepeta. Nilisikia tupa ikipangwa, oili ikimiminwa. Kisha kimya. Nikangoja. Kimya kilizidi, mpaka nikaanza kuhofia. Mara nikamwona amesimama kwenye pengo la ukuta wa mabati, mikono mitupu.

"Mama Valary, niite."

"Nikuite nini, mama?"

"Vile Tata alikuwa ananiita."

Sikuitaka kazi hiyo. Mimi ni Mjaluo wa Sindo, si mtu wa boma lao, na desturi yao nilishaiita upuuzi mbele ya mwenyewe. Niliwaona wote watatu, kijana wa visu vyembamba, mlafi wa mikia ya samaki, na yule mzee mkaidi, na nilitamani niwe popote isipokuwa pale. Lakini alikuwa amesimama tu, akingoja, na nyuma yake moto ulikuwa haujawashwa.

"Frankline," nikasema.

"Naam," akaitika, na sauti yake ikakatika katikati. Alirudi ndani. Baada ya muda moshi wake ukaanza kunijia machoni, nami nikageuza samaki wangu kabla hawajaungua.